Mama Mkwe Akihama, Besi Itabaki na Nani?

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujaniita mwehu, maana mke wangu Jytte ameshaniita hivyo na sihitaji wa pili. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na minane, nina kazi nzuri kwenye kiwanda cha mashine za kukamulia ng'ombe, sinywi kupita kiasi, sichezi kamari, sijawahi kumtupia jicho mke wa mtu, udhaifu wangu ni mmoja tu, gramafoni, na sasa huo mmoja umenifikisha mahali ambapo nimemtendea mama mkwe wangu jambo nisiloweza kulitamka kwa mdomo, ndiyo maana naliandika. Majina nimeyabadilisha yote isipokuwa la Ebbe, mwenyekiti wa chama chetu, kwa sababu katiba ya chama inataka atajwe.

Chanzo ni kichwa cha sindano, kile kidude kidogo kinachokaa kwenye ncha ya mkono wa gramafoni na kuibeba sindano inayopita juu ya santuri. Nilichokuwa nacho ni cha kawaida, cha sumaku, na kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikijiahidi kwamba siku moja nitapanda daraja nipate cha koili, ambacho ndani yake nyuzi nyembamba kuliko unywele ndizo zinazocheza badala ya sumaku, na mtu akishakisikia, basi, hali tena chakula kwa amani mpaka awe nacho. Mwaka huu nikasema sasa. Duka moja la Aarhus likaniazima viwili nivijaribu nyumbani, kimoja cha Kijapani chenye mwili wa mbao, kingine cha hapahapa Denmark chenye mwili wa chuma, na Jumamosi hii natakiwa kuchagua kimoja na kurudisha kingine. Utasema chagua basi, bwana. Mshauri, ingekuwa rahisi hivyo ningekuwa nakusumbua?

Sisi ni chama cha wasikilizaji, tuko wanne, Ebbe ni mwenyekiti, Palle ambaye alikuwa mwalimu wa fizikia ni katibu, wa tatu hasemi kitu ila hupiga kura, na mimi ni mjumbe wa kawaida lakini sebule ni yangu. Tunakutana kila Jumamosi saa nane mchana, tunakunywa kahawa, tunakula mikate yenye siagi, tunasikiliza. Katiba yetu ina vifungu ishirini na viwili. Mahali zilipo spika pamepangwa na mkutano mkuu wa mwaka 2009, zimekaa kwenye kona mbili za ukuta wa kaskazini, Ebbe mwenyewe alizichorea mipaka kwa utepe wa njano juu ya zulia, na kuzisogeza kunahitaji theluthi mbili za kura katika mikutano mikuu miwili mfululizo. Kwa hiyo besi, ile sauti nzito ya chini, sebuleni kwangu siku zote imekuwa ikinguruma kama ng'ombe aliyefungiwa bandani, na sisi tulishaizoea, tukaiita tabia ya chumba.

Halafu mama mkwe, nitamwita Gudrun, akavunjika nyonga. Alikuja kwetu kwa wiki tatu na sasa amemaliza miaka miwili na nusu hapa. Jumamosi ya kwanza alikaa kwenye kona ya kushoto ya sofa na sweta lake zito la sufi, akitoa ufumaji wake, sisi tukaweka santuri, na kabla upande wa kwanza haujafika nusu Ebbe akanyanyua kidole.

"Simamisha! Torkild, umegusa spika?"

"Sijagusa, haki ya Mungu."

"Basi kuna kitu humu ndani. Besi imeshika adabu."

Tukatafuta. Tukaangalia nyaya, tukaangalia mapazia, tukafungua na kufunga mlango wa jikoni, mpaka Palle akamgeukia mama mkwe, akamwambia kwa heshima zote, "Mama, hebu simama kidogo." Akasimama, besi ikanguruma. "Haya kaa, mama." Akakaa, ikatulia. "Simama tena." Gudrun akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Nyie wanaume, mmetumwa na hospitali mnifanyishe mazoezi ya nyonga?"

Ni yeye, mshauri. Pale alipokaa, kwa uzito ule na sweta lile, anameza ngurumo yote ya kona ile na kuacha muziki peke yake. Palle akaandika kwenye kumbukumbu za kikao: Gudrun, kilo sabini na nane, sufi, kona ya kushoto. Tangu hapo hakuna kikao kilichofunguliwa kabla hajakaa. Tulimnunulia sindano za kufumia za mianzi ili zisigonganegongane wakati wa fidla. Tunamuuliza hali, tunamuuliza amelala vipi, tunamuuliza amekula nini, na yeye akajisifu kwa jirani kwamba wanaume wa chama wanamjali kuliko watoto wake wa kuzaa. Wala si kwamba anasikiliza. Yeye mwenyewe huzima kifaa chake cha masikioni santuri inapoanza, anasema muziki wetu ni kama watu wanaohama ghorofa ya juu.

Mwaka jana aliugua mafua akapungua kilo mbili, na sote wanne tukasikia. Palle aliandika kwamba chama kimepokea taarifa hiyo kwa masikitiko. Hapo ndipo nilipoanza, na hili hata Jytte halijui, kumwongezea krimu kwenye uji wake wa asubuhi, ingawa daktari amemkataza mafuta. Alirudi sabini na nane kamili, na besi nayo ikarudi.

Sasa rudi kwenye vile vichwa viwili. Cha mbao kina sauti nene, ya joto, mwimbaji anasimama mbele yako ukitaka umpe kiti, mimi nimekipenda na sitaki kusema uongo, nimekipenda kama nilivyompenda Jytte mwaka wa kwanza. Lakini kinafaa tu Gudrun akiwa kwenye sofa. Akitoka, ule unene unakutana na ile ngurumo na sebule inakuwa pipa. Cha chuma ni kinyume chake, ni chembamba na kikavu, Gudrun akiwepo kinasikika kama mtu anayesoma matangazo ya treni, asipokuwepo kinakaa sawasawa. Yaani mama mkwe akibaki, mbao, akiondoka, chuma. Unaona jinsi mambo yalivyo magumu?

Kwa sababu anaondoka, mshauri. Aliomba nyumba moja katika zile nyumba ndogo za wazee wanaojitegemea kule chini kwenye fyodi, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, zenye dirisha linalotazama bandari, na kwa miaka miwili amesubiri zamu yake. Ameshashona mapazia ya mistari ya bluu, mimi ndiye niliyemshikia kitambaa akikata. Yamo kwenye sanduku chini ya kitanda chake. Jumatano iliyopita barua ya manispaa ikaja, ya karatasi, maana alikataa mambo ya kompyuta, nami nikaifungua kwa makosa, kisha nikaisoma kwa makusudi. Nyumba imepatikana. Ajibu kabla ya Ijumaa ya wiki hii saa sita mchana, la sivyo inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha.

Nikaitia ndani ya mfuko wa santuri ya kwaya ya mabaharia, ambayo hakuna mtu anayeisikiliza.

Sikukusudia kuiacha humo. Nilitaka siku mbili tu nijaribu kumpata mbadala wake. Tulifanya kikao cha dharura. Tuliweka magunia matatu ya viazi kwenye kona ya kushoto tukayavika sweta lake, tukaweka godoro lililokunjwa, tukamweka mbwa wa Ebbe ambaye ni mkubwa lakini hatulii. Ebbe alisema viazi vimekaribia. Palle alisema vimekaribia sana. Mimi nikasema hapana, viazi si kitu, hata kidogo, nikavirudisha ghalani. Gudrun alipoingia akaona sweta lake limejaa udongo akauliza, "Limekwenda wapi hili bila mimi?" na wote tukatazama mikate.

Jana wakati wa kahawa akaniuliza kama anavyoniuliza kila siku, "Torkild, posta wameleta nini?"

"Matangazo ya nyama tu, mama."

"Basi wamenisahau," akasema, akaendelea kufuma.

Nilijisikia vibaya sana, mshauri, nikaenda kusafisha sindano. Sasa siku zimekwisha, duka linasubiri, chama kinasubiri, nami silali. Naomba uniambie bila kunificha: nichukue cha mbao au cha chuma?

Ni mimi,
Mwenye Sofa, Jutland Magharibi


BI RAGNHILD ANAJIBU

Mwenye Sofa,

Usiendelee kusoma. Weka gazeti mezani, nenda kwenye hiyo kwaya ya mabaharia, toa barua, mpe mwenyewe mkononi, kisha urudi. Leo ni Jumatano. Nakusubiri.

Umerudi? Kama umerudi, vizuri, tuongee. Kama hujaondoka kwenye kiti, basi soma tena aya ya kwanza, na uisome tena mpaka miguu ikuelewe.

Nimekaa kwenye ukurasa huu miaka ishirini na sita. Nimeandikiwa na wanaume wenye wake wawili wasiojuana, nimeandikiwa na mchungaji aliyemwogopa bata bukini wa jirani, lakini sijawahi kuandikiwa na mtu mzima aliyemfichia bibi kizee nyumba yake kwa ajili ya kidude kisichozidi punje ya haragwe. Halafu, baada ya kuungama yote hayo, swali lako ni mbao au chuma! Nililisoma mara tatu nikidhani kuna ukurasa umepotea.

Na hayo majina uliyoyabadilisha, ungeyaacha tu. Mji wetu una chama kimoja kinachomwandika mwanamke kilo zake kwenye kumbukumbu. Mhariri wangu alikutambua kwenye mstari wa utepe wa njano.

Nakuonea huruma kidogo, sikatai. Marehemu mume wangu naye alikuwa mmoja wenu. Alinikataza kuvaa viatu sebuleni santuri ikiwa juu, eti sindano inanisikia, na kwa miaka kumi na mmoja nilitembea ndani ya nyumba yangu kwa soksi kama mwizi. Mazishini kwake nilivaa visigino virefu kuliko vyote dukani. Nilimpenda, na visigino nilivivaa. Kwa hiyo naujua ugonjwa wako, najua unavyoanza na unavyomfanya mtu mwema aone kila kitu chumbani ni samani, pamoja na anayepumua.

Umeuliza kipi, nami nitakujibu, maana usipojibiwa utakwenda kumpima jirani. Chukua cha mbao unachokipenda. Lakini kwanza shika spika zako zote mbili, uzitoe kwenye kona, uzilete mbele hatua moja kubwa na kuziingiza ndani hatua moja. Spika ikibanwa kwenye kona itanguruma hata ukiifungia malaika kwenye mkono wa gramafoni, hakuna kichwa cha sindano duniani kinachotibu kona. Marehemu alilijua hilo, na alikuwa fundi wa mabomba. Katiba inakataa? Ninyi wanne mlikaa kikao cha dharura kulivika gunia sweta la mwanamke, mkashindwa kukaa kikao cha kung'oa utepe kwenye zulia? Ilikuwa rahisi zaidi kwenu kumzuia mtu mzima asihame kuliko kusogeza sanduku la mbao hatua moja. Mwambie Ebbe nimesema mimi. Akitaka theluthi mbili, aje azitafute hapa ofisini kwangu.

Krimu ikome kesho asubuhi. Umwambie Jytte, na umwambie mama mwenyewe, aende akapimwe. Hapo sina utani hata chembe. Mtu hawekewi kitu kwenye uji wake asichokijua, hata kama kinamnenepesha vizuri kwa ajili ya besi.

Sasa niache kukupigia kelele, maana kuna jambo moja kwenye barua yako umelipita mbio, nami nimelirudia tangu nilipolisoma. Umejaza kurasa nne kunieleza masikio yako yalivyo makali, kwamba unasikia kilo mbili zikipungua kwenye sofa. Katikati ya hayo yote umeandika kwamba Gudrun huzima kifaa chake santuri inapoanza. Ukaendelea na safari yako. Rudi hapo, ukae. Huyu mwanamke hapendi muziki wenu. Hausikii. Nyonga yake ilipona zamani, hakuna aliyemfunga kamba. Lakini kila Jumamosi saa nane anavaa sweta lake la sufi hata wakati wa joto, anakaa saa mbili nzima kwenye ukimya mtupu katikati ya wanaume wanne waliofumba macho. Unadhani amefuata nini hapo? Amekufuateni ninyi. Kuna watu wanaomuuliza amelalaje, naye ameamini wanataka kujua.

Ndicho kitakachomuuma, Torkild, si siku saba za barua. Siku saba atakusamehe kabla kahawa haijapoa, namjua mwanamke wa umri huo. Akijua kwamba mlikuwa mnamuuliza hali kama mtu anavyogonga pipa kusikia limebaki na mafuta kiasi gani, hapo sijui.

Lakini mimi siamini kwamba ilikuwa hivyo tu, na nitakuambia kwa nini. Ebbe alisema viazi vimekaribia. Palle, mwalimu wa fizikia, alisema vimekaribia sana. Ni wewe peke yako uliyesema si kitu, ukavirudisha ghalani haraka. Mimi nadhani viazi vilifaa kabisa. Nadhani ulivisikia vinafaa, ukaogopa. Mwanamume aliyechoshwa na mama mkwe wake baada ya miaka miwili na nusu angeshukuru Mungu kwa gunia la viazi. Wewe ulikwenda kuficha barua.

Sisi watu wa magharibi maneno haya hayatutoki. Mtu akifiwa tunamwambia siku imekuwa ndefu, mtu akioa tunamwambia kumbe si vibaya. Kwa hiyo nimekuandikia, wewe uyasome tu kama yalivyo, leo hii, jikoni, Jytte akiwepo: "Mama, barua yako niliificha mimi. Nilisema ni kwa sababu ya gramafoni. Sitaki uondoke, ila nyumba ni yako na nimekosea." Usiongeze kitu. Usimweleze habari za kona. Akinyamaza, nyamaza naye. Akilia, usitoke kwenda kushika chochote chenye nyaya. Akikuita jina baya, lipokee, ni lako.

Ijumaa usiende kazini. Uwe na gari mlangoni saa tatu asubuhi, umpeleke manispaa, asaini kwa mkono wake, na ukimaliza umpeleke fyodini akaone dirisha. Mapazia utayatundika wewe, kwa sababu kitambaa ulikishika.

Jumamosi ya kwanza atakayokuwa kwake, nendeni wote wanne, saa nane kamili, na mikate. Msibebe santuri hata moja. Bisheni hodi, muulizeni hali, mngoje ajibu mpaka mwisho, na mkae pale atakapowaambia.

Ragnhild